Simu janja na vishikwambi Dodoma: kagua nini kabla hujalipa, na vinakufa kwa nini

MkaguziDom (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Humu hazikosi nyuzi za "nishaurini simu ya laki tatu", na majibu huwa majina ya matoleo na ugomvi wa kamera. Uzi huu ni wa yale yanayomkwamisha mtu akishanunua. Siku hizi simu ikizima hukosi kupiga tu: hununui LUKU, hulipi kontroo namba, tiketi yako ya SGR imebaki ndani ya kioo cheusi, na mteja aliyekuulizia bei WhatsApp ameshahamia kwa jirani. Kwa hiyo kwanza simu idumu na ishike mtandao pale ulipo. Kamera ije baadaye.

Ukiwa kaunta, iwe Majengo au Sabasaba, fanya haya pesa zikiwa bado mfukoni.

Piga *#06#. Zitatokea tarakimu 15, ndiyo IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na simu ya laini mbili itatoa IMEI mbili. Linganisha na za kwenye boksi, halafu na zilizo ndani ya mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Kisha tuma IMEI kwa SMS kwenda 15090 ya TCRA, bure. Jibu linataja aina ya simu, na hapa ndipo wengi wanapopigwa: wakiona jibu limerudi wanaridhika bila kulisoma. Kama mkononi una Samsung na jibu linataja kampuni nyingine, IMEI hiyo imepandikizwa. Simu feki zilizimwa kwenye mitandao yetu Juni 2016, na kubadili IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Muuzaji akikwambia "fundi atairekebisha", mrudishie.

Angalia RAM, kumbukumbu ambayo programu zinafanyia kazi. Boksi limeandikwa 8GB kwa herufi kubwa, na pembeni kwa herufi za sisimizi "4+4". RAM halisi hapo ni 4. Zile nyingine ni kipande cha hifadhi ya ndani kinachoazimwa, na hifadhi ina kasi ndogo mno ukilinganisha na RAM. Kwa mtu wa WhatsApp, programu ya benki na ya pesa za simu, RAM 4 halisi na hifadhi ya 64GB ndiyo kiwango cha chini ninachokubali. Hifadhi ya 32GB ukitoa nafasi ya mfumo wenyewe, WhatsApp inajaza iliyobaki kwa picha za magrupu tu, kisha simu inaanza kuganda na lawama anabebeshwa fundi.

Ingia Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda mipangilio, halafu "kuhusu". Chini kabisa kuna mstari wa uthibitisho wa Play Protect. Kifaa halali kinaandikwa kimethibitishwa. Vishikwambi vingi vya bei ya kutupa vinaangukia hapo.

Kwa mtumba ongeza jambo moja lisilo na mjadala: mwenye simu aifute yote mbele yako, kisha iwashwe upya na kuunganishwa intaneti. Ikidai akaunti ya Google ya zamani, au ya Apple kwa iPhone, na muuzaji hana nywila, ondoka. Usikubali "nitakutumia jioni".

Chamwino_Kwetu

Mkuu umemaliza. Nyongeza: wanaoleta simu za nje, za Marekani na Japani, wanasema ni imara kuliko za hapa. Kuna ukweli?

Antena_Ndefu

Uimara ni wa toleo na matunzo, nchi ilikotoka haina uhusiano. Tatizo la simu za nje ni masafa.

4G yetu inatumia masafa kadhaa. Bendi 3 (1800 MHz) inabeba watu wengi mjini lakini haifiki mbali. Bendi 20 (800 MHz) na 28 (700 MHz) ndizo zinazosafiri mbali na kupenya ukuta. Android nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina 20 wala 28, zina bendi za kwao kama 12, 13 na 71. Matokeo yake simu inakimbia vizuri Area D na Kisasa, ukiingia vijiji vya ndani vya Bahi au Chamwino inashuka hadi 3G au E, wakati simu ya bei nusu ya jirani ina 4G. Mtu anatukana mtandao, kumbe kosa ni la redio ya simu yake.

Namna ya kukagua: chukua namba kamili ya toleo kutoka kuhusu simu (si jina la sokoni, ile yenye herufi na tarakimu), itafute mtandaoni pamoja na neno "bands", uone kama 3, 20 na 28 zote zipo. Dakika mbili.

Halafu weka laini yako mwenyewe, ya mtandao utakaoutumia. Ikiomba namba ya kufungua mtandao, imefungwa na kampuni ya huko ilikotoka. Ikishika, pigiwa simu huku intaneti inafanya kazi. Kama alama ya 4G inashuka mara simu inapoingia, simu hiyo haipigi sauti juu ya 4G kwenye mtandao wetu. Si kasoro ya kuua, ila ukiwa unatumia intaneti ya simu kwenye kompyuta, kila anayekupigia anakuvuruga.

iPhone 14 na kuendelea za soko la Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tupu, yaani laini isiyo na kadi. Utalazimika kwenda duka la mtandao na namba yako ya NIDA na kidole. Za Japani kabla ya iPhone 17 zina tundu la laini, ila nyingi kamera inalia kila ukipiga picha na kuinyamazisha ni shida. Anayepiga picha za stakabadhi kwenye vikao atajua ninachosema.

FundiMajengo

Niongezee upande wa mezani kwetu, maana vitu vinavyorudi kwa fundi ni vilevile: kioo, betri, tundu la chaji.

Kioo kwanza. Mtumba mwingi wenye skrini ya AMOLED (kila nukta inajiwashia mwanga wake) umeshabadilishwa kioo, na kilichowekwa ni LCD (inayomulikwa na taa ya nyuma) ya kunakili kwa sababu bei yake ni ndogo sana. Fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga hadi mwisho, kisha funika simu kwa mikono au ingia kwenye kona yenye giza. AMOLED inakuwa nyeusi kama imezimwa. LCD inatoa ukijivu, hasa pembeni. Dalili ya pili: simu iliyotoka kiwandani na alama ya kidole chini ya kioo, ikiwekewa LCD kidole kinakufa moja kwa moja, kwa sababu kisomeo kinahitaji mwanga upite kwenye skrini. Muuzaji akisema "kidole huwa kinasumbua kwenye toleo hili", umeshajua.

Kioo kilichobadilishwa kinashikwa na gundi, mara nyingi B-7000. Ikibanwa saa mbili tatu inashika, lakini inahitaji siku nzima au zaidi kukomaa. Mteja akinyang'anya simu baada ya nusu saa na kuiacha kwenye dashibodi juani, kioo kinanyanyuka pembeni na vumbi linaingia. Na hata kikishika vizuri, ile kinga ya maji ya kiwandani usiihesabu tena. Kwa vumbi la Dodoma la kiangazi, Juni hadi Oktoba, mwanya mdogo tu unatosha: utaona vidoa kwenye kamera ya mbele na sauti ya spika ya sikio inafifia.

Tundu la chaji. Asilimia kubwa ya "simu haichaji" huku kwetu ni vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na waya. Dalili: waya hauingii hadi mwisho, unacheza, au lazima uukunje. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu ukutani mwa tundu, ukivuta uchafu nje. Usitumie sindano wala pini. Tundu la Type C lina ulimi mwembamba katikati wenye pini pande zote mbili, ukiugusa na chuma unapinda, kazi ya buku mbili inageuka kazi ya kubadili tundu zima. Usipulize kwa mdomo pia, unapeleka mate.

Betri. Cheza video mwanga ukiwa juu kabisa kwa dakika 20, ukianzia kwenye asilimia 50 au 60. Kushuka asilimia tano hadi nane si ajabu. Ikiruka, mfano kutoka 48 hadi 39 kwa mkupuo, betri imechoka. Kwenye iPhone soma afya ya betri; chini ya asilimia 80 hesabu bei ya betri juu ya bei ya simu. Na ukiona simu imelala mezani inazunguka kama pia, au kifuniko cha nyuma kimeinuka, betri imevimba. Hiyo usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe.

Kinachoua betri huku ni joto. Lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa imezidi nyuzi 45, na simu iliyo kwenye kasha nene, inachaji huku inaendesha ramani juu ya pikipiki saa nane mchana wa Novemba, inafika huko bila shida. Vua kasha wakati wa kuchaji. Tochi yako ya kiswaswadu ilivumilia, hii haivumilii.

Binti_Kondoa

Asante fundi, kijiti cha meno naanza nacho leo. Kuna hizi simu za mkopo, unatanguliza kidogo kisha unalipa kila siku. Wengi wanazichukua kwa kuwa laki tatu kwa mkupuo haipo. Zina ubaya gani?

HesabuKali

Dada, ubaya unauona ukiandika namba. Tuseme simu inauzwa 350,000 taslimu. Mkopo: kianzio 60,000, kisha 1,500 kila siku kwa siku 365. Zidisha: 547,500, ongeza kianzio, 607,500. Umelipa 257,500 juu ya bei. Ukiiweka hiyohiyo 1,500 kila siku ukiwa na 60,000 yako, siku ya 194 umeshavuka 350,000. Miezi sita na nusu. Viwango vinatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo fanya hesabu hiyo kwa namba za mkataba wako, si zangu. Mwambie muuzaji akuandikie jumla. Atataja ya siku tu, usimwache.

Pili, ufungo. Simu ya mkopo ina programu inayoisimamia kutoka mbali. Ukichelewa kulipa, skrini inajifunga. Kuifuta simu hakusaidii, kwa sababu ufungo umeandikwa kwa IMEI kwenye seva yao, na simu ikipata intaneti tu unarudi. Hii ndiyo hatari kwa mnunuzi wa mtumba: mtu anauza simu ambayo bado ina deni, leo inafanya kazi, baada ya siku chache inajifunga mkononi mwako. Ukishaifuta kama MkaguziDom alivyosema, iache kwenye intaneti robo saa. Kisha angalia kwenye usalama orodha ya programu zenye mamlaka ya msimamizi. Ukiona jina la mkopeshaji, au maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika, dai barua ya kumaliza deni yenye IMEI hiyohiyo.

Tatu, nitoke kidogo kwenye mada: mikopo ya papo kwa papo ndani ya simu, kausha damu ya kidijiti. Ukiona programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, SMS na picha ili ikukopeshe 50,000, jua dhamana ni aibu yako. Ukichelewa wanawatumia watu wako ujumbe. Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa 69 yasiyo na leseni Novemba 2024; anzia hapo. Kudhalilishwa kwa taarifa zako unaweza kulalamikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sheria yake ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023. Piga picha za skrini zenye tarehe kabla hujafuta chochote.

Bajaji_ya_Nkuhungu

HesabuKali hesabu yako ni safi ila umeacha kitu. Mtu wa bajaji au bodaboda asiye na simu janja hapati abiria wa programu, hapokei Lipa namba kirahisi, hatumi lokesheni. Hizo siku 194 za kudunduliza anapoteza kazi kila siku. Kwake mkopo ni mtaji.

HesabuKali

Sawa kabisa mkuu, na huyo simzuii. Kipimo ni kimoja: je, simu inamwongezea zaidi ya 1,500 kwa siku ambayo asingeipata bila hiyo simu? Kama ndiyo, achukue. Anayechukua kwa ajili ya TikTok ndiye ninayemwambia asubiri.

Mwl_wa_Bahi

Vishikwambi navyo vimeachwa. Vilianza kuonekana mitaani kwa wingi baada ya Sensa ya Agosti 2022, vile vya makarani vilipoelekezwa kwa walimu, na tangu hapo wazazi wengi wanataka kimoja nyumbani.

Kabla ya kumnunulia mtoto, amua kazi. Kama ni kusoma vitabu, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bila malipo. Hapo skrini ya inchi 8 ndiyo ndogo kabisa ya kusomea ukurasa mzima bila kuuvuta, inchi 10 ni raha. Inchi 7 za vile vya rangirangi vyenye kasha la sponji ni za katuni.

Vile vya rangirangi ndivyo vyenye uongo mwingi. Kwenye mipangilio inaandikwa Android mpya na hifadhi kubwa, lakini ni maandishi tu yaliyobadilishwa. Kujua: nakili ndani faili kubwa za video hadi zifike karibu na hifadhi inayodaiwa, kisha fungua la kwanza na la mwisho. Ya uongo itakubali kunakili bila kulalamika, halafu faili hazifunguki, kwa kuwa zilipofika mwisho wa nafasi halisi zilianza kuandikana juu.

Uliza pia kama kina tundu la laini. Cha Wi-Fi tupu ni nafuu, na kwa mtoto nakiona bora: unawasha intaneti ya simu yako akihitaji, ukizima imekatika. Mzazi anayetaka usimamizi zaidi aweke Family Link ya Google, ila afungue akaunti ya mtoto kwa umri wake wa kweli, vinginevyo vizuizi vya umri havifanyi kazi.

MamaDuka_Sabasaba

Mbukwenyi wote. Nizungumzie kaunta, maana mteja wa sasa si yule wa zamani. Anashika bidhaa, anapiga picha, anaulizia Kariakoo kupitia Instagram akiwa amesimama mbele yako. Usimkasirikie, mfanyie hesabu: tuseme Dar ni nafuu kwa 20,000, toa nauli ya kifurushi kwa basi hadi stendi ya Nanenane, toa bajaji ya kukifuata, kisha muulize nani atambadilishia kikiwa kibovu. Mara nyingi anabaki. Na kama tofauti ni kubwa kweli, basi bei yako ndiyo yenye tatizo.

Kwa wanaoagiza: lipa kwa Lipa namba ya duka, usitume kwenye namba ya mtu. Ukiingiza Lipa namba jina la biashara linatokea kabla ya namba ya siri. Jina likiwa tofauti na la ukurasa, simama hapo. Dai risiti ya EFD ipigwe picha, uskani msimbo wake uone kama TRA wanaitambua. Bila risiti, ile "garantii ya mwaka mmoja" ni mazungumzo.

Kwa wenzangu wauzaji: ujumbe wa malipo unaooneshwa na mteja kwenye simu yake hauna maana. Ujumbe wa kweli unaingia kwenye simu yako, kwa jina la huduma na si kwa namba ya kawaida. Hata huo, wakati wa msongamano angalia salio. Zile SMS za "ile hela itume kwenye namba hii" na za "nimekosea kutuma", zipeleke 15040 pamoja na namba iliyotuma.

Jambo ambalo wengi hawalijui: programu ya Hakiki Stempu ya TRA. Unaskani stempu ya kodi kwenye chupa ya kinywaji na inakuambia kama ni halali. Kwa mwenye grosari inaokoa mzigo mzima.

Chamwino_Kwetu

Bando jamani. GB zinaisha hata hujafanya kitu.

Antena_Ndefu

Zimefanya, hukuona tu. Kwa makadirio: video ya YouTube kwenye 480p inakula karibu nusu GB kwa saa, 720p inavuka GB moja, 144p haizidi kama MB 100. Simu yenye skrini ya inchi 6 haikuoneshi tofauti kubwa kati ya 480 na 720, kwa hiyo funga kwenye 480.

WhatsApp: hifadhi na data, zima upakuaji unaojiendesha wenyewe wa picha, video na nyaraka ukiwa kwenye data ya simu, na washa kutumia data kidogo kwenye kupiga. Play Store: masasisho kwa Wi-Fi tu. Google Photos: zima kuhifadhi nakala kwa data ya simu. Hilo la mwisho ndilo linalokula usiku ukiwa umelala. Kisha ingia matumizi ya data kwenye mipangilio, panga kwa mwezi, uone nani yuko juu. TikTok na Facebook zinacheza video zenyewe. Zote zina kiokoa data ndani.

Na kwa kuwa laini ndiyo ufunguo wa kila kitu, iwekeeni PIN ya laini, tofauti na ya skrini. Mwizi akiihamishia simu nyingine haifanyi kazi, hapokei misimbo yako ya WhatsApp na benki. Angalizo: ukikosea mara tatu inadai PUK, namba ya kuifungua laini, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. Kadi ya PUK itunze nyumbani. *106# nayo pigeni mara mojamoja, muone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yenu.

Binti_Kondoa

Swali la mwisho kwa fundi: kijijini ambako umeme haujafika, watu wanachaji kwa sola. Wengine wanaunga waya wa simu moja kwa moja kwenye paneli. Ni salama?

FundiMajengo

Hapana dada. Paneli inayoitwa ya volti 12, jua kali likiipiga bila mzigo inatoa volti 18 hadi 22. Simu inataka 5. Ikiwa na bahati IC ya chaji inaungua, ikikosa bahati na ubao unaondoka nayo.

Mpangilio ni paneli, kisha kidhibiti chaji, kisha betri ya volti 12, ndipo chaja ya USB ya gari yenye volti 5 na ampia 2. Kwa simu moja mbili na taa, paneli ya wati 20 inatosha. Kidhibiti kiunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kufungua unaanza na paneli. Ukigeuza mpangilio huo, vidhibiti vya bei rahisi vinakufa. Simu yenyewe ikae kivulini ndani, ni paneli tu inayohitaji jua. Betri ya 5000 mAh kwa chaja hiyo ni kama saa tatu kutoka sifuri, kwa hiyo ianze asubuhi.